Jani Lililotoa Ushahidi wa Baridi

Historia ya tabianchi imezoea mashahidi wakubwa: bahari, milima na mito ya barafu. Hata hivyo, kipindi cha baridi kinachojadiliwa kuliko vingi kimepewa jina la mmea usiofika hata magotini, Dryas octopetala, na heshima hiyo unaistahili. Mmea huu wa jamii ya waridi hutambaa juu ya changarawe za tundra ya Aktiki na milima ya Alps, ukitoa ua jeupe, kwa kawaida la petali nane, linaloligeukia jua. Majani yake yanafanana na ya mwaloni. Ndiyo asili ya jina Dryas, linalotokana na roho wa kike wa mialoni katika visasili vya Wagiriki.

Majani hayo ni magumu, na ugumu huo ndio uliohifadhi ushahidi. Mwaka 1870 mwanajiolojia Alfred Nathorst aliyakuta udongoni huko Skåne, kusini mwa Sweden, nchi ya mashamba isiyo na tundra. Mwaka 1901 wanajiolojia Nikolaj Hartz na Vilhelm Milthers wakaeleza machimbo ya udongo ya Allerød, Denmark: tope lenye mabaki ya mimea ya hali ya joto zaidi lilikuwa limebanwa katikati ya matabaka ya mfinyanzi yenye mimea ya baridi. Basi joto liliingia, kisha baridi ikarudi. Marudio hayo, kuanzia takriban miaka 12,900 hadi 11,700 iliyopita, ndiyo yanayoitwa Dryas Changa.

Yuko atakayepinga kwamba mmea huu humea hata Burren, Ireland, karibu na usawa wa bahari, hivyo si kipimajoto. Ni kweli: adui yake mkubwa ni kivuli. Lakini kukosekana kwa kivuli nako ni habari, kwani kunaonyesha nchi isiyo na msitu. Na mierebi midogo ya Aktiki iliyozikwa pamoja nao inathibitisha baridi. Mwingine atasema barafu ya Greenland, iliyochimbwa hadi kina cha kilomita tatu hivi mwanzoni mwa miaka ya 1990, inatoa tarehe bora. Inatoa, ila barafu hiyo husimulia kwanza ya Greenland, na chavua, ushahidi mwingine wa mimea, huweza kupeperushwa kutoka mbali. Jani la mmea unaotambaa huangukia karibu na shina lake. Ndiyo maana, kuhusu Denmark yenyewe, bado tunaliuliza jani.