Arusha Jazz na Asili ya Wanyika

Aghalabu historia ya nyimbo huandikwa kwa kufuata santuri. Mahali santuri ilipopigwa chapa ndipo husemwa kuwa wimbo ulizaliwa, na mwaka wa santuri ndio huhesabiwa mwanzo wa waimbaji. Kanuni hii ni nyepesi kutumia, lakini ina dhuluma ndani yake, maana huhesabu mavuno ikasahau kupanda. Mji wa Arusha umepatwa na dhuluma hiyo. Mwaka 1970 iliundwa katika mji huo bendi iliyoitwa Arusha Jazz. Mwaka uliofuata bendi hiyo ilivuka mpaka ikajipa jina jingine, na kwa jina hilo la pili ikapendwa kote Afrika Mashariki. Jina la pili, Simba Wanyika, linajulikana kwa kila mpenzi wa muziki wa dansi. Jina la kwanza limebaki kama neno la pembeni katika ukurasa wa watu wengine.

Walioiunda walikuwa ndugu, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, wenyeji wa Tanga. Mwaka 1966 waliingia katika Jamhuri Jazz ya mji wao. Tanga ya siku hizo ilikuwa chuo cha magitaa: Jamhuri na Atomic zilishindana, na mashindano hayo yaliwanoa vijana kama kinoo kinavyonoa kisu. Mwaka 1970 ndugu hao waliiacha pwani wakapanda bara, na pamoja na ndugu yao mwingine, William, wakaanzisha Arusha Jazz.

Njia waliyoifuata haikuwa ngeni. Reli iliyoanzia Tanga ilikuwa imefika Arusha tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, na kwa muda mrefu watu na bidhaa walipanda na kushuka kati ya bahari na mlima Meru. Lakini Arusha waliyoikuta haikuwa tena mji mdogo wa wakulima wa kahawa na wachuuzi wa sokoni tu. Mwezi wa Februari 1967 Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa, na mwezi wa Desemba wa mwaka uo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kazi, makao makuu yake yakiwa hapo hapo. Makarani na maofisa wa Kenya, Uganda na Tanzania waliletwa kuishi pamoja, wenye mishahara ya mwezi na lugha moja ya kuburudika. Haya hayathibitishi sababu iliyowaleta akina Kinyonga, lakini yanaonyesha mji waliouingia: mji wa mataifa matatu, ulio mwendo wa saa chache kutoka mpaka wa Namanga.

Kwa nini basi hawakukaa? Jibu lapaswa kutafutwa katika hali ya kazi ya muziki wenyewe. Katika Tanzania bendi nyingi zilitegemea chama, klabu au shirika. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, na mpigaji alikuwa mtumishi. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ndiyo mfano ulio mashuhuri. Nyimbo zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, zikahifadhiwa katika kanda na kurushwa hewani. Mpango huo ulizilinda nyimbo nyingi zisipotee, lakini santuri za kuuza zilitoka Nairobi, kwenye kampuni na mitambo ya kuzichapa. Hata Mbaraka Mwinshehe, fahari ya Morogoro, alipeleka nyimbo zake Kenya, na ndiko alikofia kwa ajali ya gari mwezi wa Januari 1979. Tofauti ni kwamba Mbaraka alihesabiwa daima kuwa mtu wa Morogoro. Ndugu wa Kinyonga walihamia Mombasa mwaka 1971, baadaye Nairobi, na pole pole kwao kukaacha kuwahesabu.

Hata hivyo, jina walilojipa lina ushahidi usiofutika. Kwa mtu wa pwani, nyika ni bara kavu lililo nyuma ya minazi, na Mombasa neno hilo lilikuwa na historia yake, maana watu wa pwani waliwaita Wamijikenda kwa jina la Wanyika zamani, tena kwa kuwadunisha. Mzaliwa wa Tanga hana sababu ya kujiita simba wa nyika akiwa kwao. Yaelekea jina la namna hiyo humjia mtu aliyekwisha kuivuka nyika akaishi ng'ambo yake, chini ya Meru, mahali ambapo mbuga za Wamasai huanza mara tu mashamba ya kahawa yanapokwisha.

Jina hilo lilipata maisha ya ajabu kisarufi. Katika «simba wa nyika», wa ni kiunganishi tu kati ya mnyama na makao yake. Lilipoandikwa kwa kushikamanishwa, Wanyika, kiunganishi kilijificha ndani ya nomino. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji, wakiongozwa na Omar Shabani wa gitaa la kati, walijitenga. Wakamwacha simba, wakachukua Wanyika peke yake, na mbele yake wakaweka Les, neno la Kifaransa la wingi, kama ilivyokuwa desturi ya bendi za Kongo. Hapo wa ya kiunganishi ikageuka kuwa wa ya ngeli ya watu: Wanyika wakawa kabila la wanamuziki, mfano wa Watanga au Waarusha. Issa Juma naye alipounda Super Wanyika, kabila hilo likazidi kupanuka. Ni nadra bendi moja kuizalia lugha jina la jamii.

Na nyimbo zao? Msomaji asiyezijua aanze na «Sikujua Utabadilika» ya Simba Wanyika, kisha «Shilingi Yaua». Anwani hii ya pili yastahili kutazamwa na mwanafunzi wa lugha. Yaua ni umbo la pwani, fupi na kali. Katika mitaa ya Nairobi wengi wangesema inaua. Tena shilingi yenyewe, mpaka mwaka 1966, ilikuwa fedha moja ya nchi zote tatu. Hivyo jina la wimbo lilichukua Kiswahili cha Tanga na neno ambalo kila nchi ililijua mfukoni mwake.

Baada ya hizo asikilize «Sina Makosa» ya Les Wanyika. Mwanamume anakasirikiwa na mwenziwe kwa ajili ya mwanamke, naye anajitetea kwamba kila mmoja wao ana wake nyumbani, basi chuki ni ya nini? Ugomvi ambao ungeweza kumwaga damu unaletwa kwa adabu ya mabarazani. Magitaa nayo yana adabu iyo hiyo: gitaa zito la chini hunyamaza kwa makusudi, la kati likajaza nafasi, wala hakuna anayemkatiza mwenziwe. Huo ndio ufundi wa Wanyika wote, na chemchemi yake ni Tanga.

Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ilipovunjika, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Katika miaka hiyo ambayo watu walikatazwa njia, «Sina Makosa» ilisikika pande zote mbili. Lakini waimbaji walilipa gharama ya kuwa katikati: Kenya waliitwa Watanzania, na Tanzania bendi yao iliitwa ya Kenya. George alifariki mwaka 1992, mwaka ambao albamu yao «Pepea» ilitolewa Uholanzi. Wilson alimfuata mwaka 1995. Mkataba wa kuihuisha Jumuiya ulitiwa sahihi Arusha mwezi wa Novemba 1999, hawakuuona.

Anayeandika historia ya muziki wa dansi hana haja ya kuwanyang'anya Wakenya bendi waliyoilea, wala Watanga watoto waliowafunza. Lililo wajibu wake ni kuandika hatua zote tatu kwa mfuatano wake: Tanga iliwafundisha, Mombasa na Nairobi ziliwapa santuri, na kati yake Arusha iliwapa bendi yao wenyewe ya kwanza. Mwaka mmoja ni mfupi, lakini katika mwaka huo waliokuwa wapigaji wa bendi ya watu walipata kuwa wenye bendi.