Waliookota Makaratasi ya New England

Usiku wa tarehe 26 Agosti 1765, umati wa watu wa Boston ulivunja nyumba ya Thomas Hutchinson, naibu gavana wa koloni la Massachusetts. Walikuwa na hasira juu ya kodi ya stempu iliyopitishwa na Bunge la Uingereza mwaka huohuo. Walibomoa kuta za ndani, wakavunja samani, wakabeba fedha na nguo. Kisha wakayafikia makaratasi. Hutchinson alikuwa pia mwanahistoria. Juzuu ya kwanza ya historia yake ya Massachusetts ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia, na kwa miaka mingi alikuwa akikusanya barua, hati za serikali na miswada ya tangu enzi za walowezi wa kwanza. Yote yalitupwa barabarani, kwenye tope.

Mchungaji mmoja wa mjini humo, Andrew Eliot, alishughulika kuyaokota. Mswada wa juzuu ya pili ukapatikana, ukachapwa mwaka 1767, na kurasa zenyewe zimo hadi leo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Jimbo la Massachusetts, madoa ya tope yakiwa bado yanaonekana. Hutchinson mwenyewe alifia uhamishoni Uingereza, akiwa amechukiwa na wengi nyumbani. Hata hivyo, hakuna anayeandika juu ya koloni lile akaweza kuyapita yale makaratasi.

Ukimsikia mtu akisema Wamarekani hawana historia ya kutosha, mwambie wanayo ya kutosha kuungua na kuporwa mara kadhaa. Mwaka mmoja kabla ya balaa la Hutchinson, usiku wa Januari 24, 1764, maktaba ya Harvard ilishika moto. Ilikuwa ndiyo maktaba kubwa kuliko zote katika makoloni yale. Vitabu vipatavyo 5,000 viliteketea. Vilivyopona vilikuwa kama 400, navyo ni vile vilivyokuwa vimeazimwa au vilivyokuwa havijapangwa rafuni bado. Kati ya vitabu ambavyo John Harvard mwenyewe alikiachia chuo, kinachojulikana kwa hakika kuwa kilipona ni kimoja tu.

Mchungaji Thomas Prince wa kanisa la Old South, Boston, alikuwa ameanza kukusanya vitabu na hati za New England, eneo la kaskazini-mashariki la Marekani ya leo, tangu mwaka 1703, alipoingia Harvard akiwa kijana. Alipofariki mwaka 1758 aliliachia kanisa hazina yake, ikawekwa katika chumba cha mnarani. Vita vya uhuru vilipozuka, wanajeshi wa Uingereza waliligeuza kanisa hilo kuwa uwanja wa kufundishia farasi, na makaratasi ya mnarani yakapungua. Kilichopotea chenye thamani kuliko vyote kilikuwa mswada wa William Bradford, gavana wa Plymouth, ulioandikwa kwa mkono wake mwenyewe, juu ya wale waliovuka bahari kwa merikebu ya Mayflower mwaka 1620.

Mswada ule haukuonekana kwa miaka mingi. Mnamo 1855, msomaji mmoja wa Boston alikuwa akipitia kitabu cha Askofu Samuel Wilberforce wa Uingereza kuhusu historia ya kanisa lake huko Amerika. Humo akakuta maneno aliyoyatambua, kwa kuwa waandishi wa zamani walikuwa wameyanukuu kutoka kwa Bradford kabla mswada haujapotea. Wilberforce alitaja kwamba aliyatoa katika mswada uliokuwa kwenye maktaba ya Askofu wa London, katika jumba la Fulham. Barua zikaandikwa, nakala ikatengenezwa London, na mwaka 1856 Jumuiya ya Historia ya Massachusetts ikaipiga chapa. Mswada wenyewe haukurudi hadi mwaka 1897, baada ya Seneta George Frisbie Hoar kuufuatilia kwa bidii. Leo uko katika Maktaba ya Jimbo, ndani ya jengo la serikali la Boston.

Jumuiya hiyo iliyouchapa ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini humo. Iliasisiwa mwaka 1791 na Jeremy Belknap, mchungaji aliyekuwa akiandika historia ya New Hampshire na kuchoshwa na kuhangaika kutafuta hati zilizotapakaa kwenye madari na makasha ya watu. Yeye na wenzake tisa walikubaliana kukusanya, lakini Belknap alikuwa na wazo la ziada. Kukusanya peke yake aliona hakutoshi, kwa sababu chumba kimoja kikiungua kimeondoka na yote. Dawa ni kuzidisha nakala. Basi kuanzia mwaka 1792 jumuiya ikaanza kuchapisha hati zake, mwanzoni ndani ya gazeti la kila wiki la Boston lililoitwa American Apollo. Nawasifu kwa hilo kuliko kwa majumba yao ya mawe: walitegemea mashine ya kuchapa kuliko kufuli.

Majimbo mengine yakafuata: New York mwaka 1804, Pennsylvania 1824, Virginia 1831.

Aliyekwenda mbali zaidi kwa ubishi alikuwa mchapaji Isaiah Thomas. Mwezi Aprili 1775, siku chache kabla ya risasi za kwanza za vita, aliitorosha mashine yake kutoka Boston hadi Worcester, mji wa bara, ili aendelee kuchapa gazeti lake dhidi ya Waingereza. Mwaka 1812, vita vingine na Uingereza vilipoanza, alianzisha American Antiquarian Society katika mji uleule, na sababu mojawapo ya kuuchagua ilikuwa kwamba mizinga ya merikebu za kivita isingeufikia. Taasisi hiyo hadi leo hukusanya vilivyochapwa katika eneo ambalo sasa ni Marekani, tangu mwanzo hadi karne ya 19. Mashine ya Thomas nayo imo humo.

Thomas hakuchagua vitabu vya heshima peke yake. Mwaka 1814 alimwendea mchapaji wa Boston, akanunua zaidi ya karatasi 300 za nyimbo zilizokuwa zikiuzwa mitaani kwa senti chache: za vita, za mapenzi, za wanaokwenda kunyongwa. Akazijalidi, akaeleza kwamba anaziweka ili watu wa baadaye waone watu wa kawaida wa wakati ule walikuwa wakisoma nini. Wasomi wa siku zake wangeziona takataka. Leo watafiti hufunga safari kwa ajili yake.

Salem, bandari iliyo kaskazini ya Boston, ilifuata njia yake yenyewe, na hapo habari inatugusa sisi wa pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1799 manahodha wa mji huo waliunda East India Marine Society. Hukujiunga ila uwe umevuka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn ukiwa nahodha au msimamizi wa shehena. Mwanachama anayeondoka alipewa daftari tupu, naye aliporudi alitakiwa kulikabidhi likiwa limejaa. Hivyo, bila kujiita wanahistoria, wafanyabiashara wale walianzisha hifadhi ya nyaraka za bahari.

Daftari la namna hiyo halina mbwembwe. Ukurasa umegawanywa kwa mistari ya wima: saa, mwendo wa chombo, upande wa dira, upepo, kisha nafasi pana ya mambo yaliyotokea. Siku za baharini hujaa mistari mifupi, karibu yote ya namna moja: tanga limepunguzwa, mvua, pomboo wameonekana. Chombo kikitia nanga, mwandiko hubadilika. Sasa ni robota zilizoshushwa, watu waliopanda, maji ya kunywa yaliyoletwa, bei iliyokataliwa. Msomaji asiye na subira atalifunga baada ya kurasa kumi. Mwenye subira ataona bandari nzima ikifanya kazi.

Bandari mojawapo ilikuwa Unguja. Merikebu za Salem zilianza kuizoea katika miaka ya 1820. Tarehe 21 Septemba 1833 Edmund Roberts, mfanyabiashara wa Portsmouth, New Hampshire, alitia saini mkataba na Seyyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, huko Maskati, ulioweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoshushwa. Mwaka 1837 Richard P. Waters wa Salem akafika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani. Merikebu zilileta merikani, kitambaa cha pamba, kutoka viwanda vya New England, zikarudi na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Sandarusi ilisafishwa Salem kwa ajili ya watengeneza vanishi.

Waters alikuwa mtu wa dini na mtu wa faida kwa wakati mmoja. Katika shajara yake anasikitika kuwaona watumwa wakipitishwa. Katika barua zake za biashara anahesabu faida ya soko lilelile, akishirikiana na Jairam Shivji, mkuu wa forodha ya Unguja. Shajara na barua zote ziliishia kwenye hifadhi za Salem, na ukizisoma pamoja unaona jambo ambalo hakuna kitabu cha sifa cha mji huo kingelisema waziwazi. Pamba ya merikani ilikuwa imelimwa na watumwa wa majimbo ya Kusini. Pembe ilifika pwani kwa misafara iliyofungamana na biashara ya watumwa. Katika daftari la mapato, zote mbili ni ratili na dola.

Mwaka 1840 safari iligeuka. Merikebu ya Seyyid Said, Sultana, iliingia New York tarehe 30 Aprili, mjumbe wake akiwa Ahmad bin Na'aman. Watu walimiminika kuwaona mabaharia. Zawadi kwa Rais Van Buren, wakiwamo farasi wa Kiarabu, zilizua mjadala, maana katiba haikumruhusu kuzipokea kwa ajili yake mwenyewe. Picha ya Ahmad iliyochorwa mwaka ule na Edward Mooney nayo ikaishia Salem, kwenye makumbusho yaliyozaliwa na chama cha manahodha.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861, pamba ikaadimika na merikani ikapoteza nafasi yake kwa vitambaa vya Uingereza na India. Utajiri uliopatikana kabla ya hapo haukuyeyuka. Nahodha John Bertram, aliyetajirika kwa biashara ya mbali ikiwamo ya Unguja, alifariki mwaka 1882. Warithi wake wakautolea mji jumba lake la Mtaa wa Essex, na tangu mwaka 1889 ndilo maktaba ya umma ya Salem. Watoto wa mji huo hufanyia kazi zao za shule katika nyumba iliyojengwa, kwa sehemu, na ngozi na sandarusi za pwani yetu.

Makumbusho ya manahodha na hifadhi ya historia ya wilaya ya Essex ziliungana mwaka 1992, zikawa Peabody Essex Museum, na makaratasi yao yako chini ya Maktaba ya Phillips. Hapo pakazuka ugomvi. Mwaka 2011 maktaba ilifungwa kwa ukarabati, na mwishoni mwa 2017 ikatangazwa kwamba haitarudi Salem. Makasha yangewekwa Rowley, mji mdogo ulio kaskazini zaidi, katika jengo lililokuwa kiwanda cha midoli. Wenyeji walikasirika. Hoja ya wasimamizi ilikuwa usalama: jengo lenye nafasi, joto na unyevu vikidhibitiwa. Hoja ya wenyeji ilikuwa kwamba makaratasi ya mji yakae mjini. Mimi nawaelewa wenyeji, lakini kama ningekuwa daftari la nahodha lenye miaka 190, ningechagua Rowley.

Mwaka 2023 makumbusho hayo yalirudisha kwa mahakama hati zaidi ya 500 za kesi za uchawi za mwaka 1692, zilizowapeleka watu 19 kitanzini na mmoja kuuawa kwa kugandamizwa na mawe. Hati hizo zilikuwa za mahakama tangu mwanzo. Sasa ziko Boston, katika jengo la hifadhi ya nyaraka ya jimbo.

Wanaokwenda kusoma Rowley hupita utaratibu uleule wa vyumba vyote vya kusomea nyaraka. Unaonyesha kitambulisho, unaacha mkoba kwenye kabati, unaingia na penseli, kwa kuwa wino hauruhusiwi. Unajaza fomu, kasha linaletwa, unafungua jalada moja baada ya jingine. Kitabu kizito hulazwa juu ya mito ya sponji ili mgongo wake usikatike. Anayeharakisha hukumbushwa kwa upole.

Kuna upungufu ambao utaratibu wowote hauwezi kuutibu. Jairam Shivji yumo katika barua za Salem, lakini kwa kalamu ya Waters. Makuli wa bandarini, mabaharia wa mitepe na wanawake waliosafisha sandarusi wanaonekana kama gharama, au hawaonekani kabisa. Kwa hiyo mtafiti wa Unguja anayezipenda barua za Salem bila kwenda Kilimani, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar, atarudi na historia ya wanunuzi bila ya wauzaji.

Njia ya kuanzia ipo, na si ya gharama kubwa. Mwaka 1965 Norman R. Bennett na George E. Brooks walichapisha barua na shajara nyingi za wafanyabiashara hawa katika kitabu kimoja kinene, nazo taarifa za mwaka 1836 hadi 1906 za mabalozi wadogo wa Marekani wa Zanzibar zimewekwa kwenye mikrofilamu na Hifadhi ya Taifa ya Marekani. Ukishazisoma hizo, waandikie wakutubi wa Rowley kabla ya kukata tiketi. Usiwaulize tu habari za Zanzibar, maana makasha yamepangwa kwa majina ya matajiri na ya vyombo vyao. Wape jina la tajiri, jina la merikebu na mwaka.