Mto Nile na Maji ya Kagongwa: Historia ya Mto Mmoja na Swali la Jirani

Utangulizi

Msafiri atokaye Shinyanga kwenda Kahama kwa barabara kuu hupita Tinde na Isaka, kisha hufika Kagongwa, mji mdogo ujulikanao kwa biashara ya mchele na mashine zake za kukoboa mpunga. Akitazama huku na huku hataona mto mkubwa. Nchi ni tambarare, yenye mbuga za udongo mweusi na majaruba. Vijito vyake hufurika wakati wa masika, na ifikapo mwezi wa saba hubaki mchanga mtupu. Kwa hiyo huenda msomaji akashangaa kuona makala juu ya Mto Nile ikianzia mahali kama hapa.

Lakini atakayeichunguza ramani kwa makini atagundua kwamba nyanda hizi za Kahama na Shinyanga ni mojawapo ya mahali ambapo maji ya Afrika huagana. Mvua inyeshayo upande wa kaskazini huteremka kwa vijito vya Isanga hadi ghuba ya Mwanza na Ziwa Victoria, na kutoka huko huelekea Nile na Bahari ya Mediterania. Ile inyeshayo upande wa magharibi na kusini huingia Igombe na Malagarasi, hufika Ziwa Tanganyika, na kwa njia ya mto Lukuga huungana na Kongo hadi Bahari ya Atlantiki. Na ile ya upande wa mashariki huufuata mto Manonga hadi Wembere na Ziwa Kitangiri, ikaishia katika Ziwa Eyasi lenye chumvi, lisilo na mlango wa kutokea. Mawingu ni yale yale, lakini njia za maji ni tatu.

Katika makala hii tutaeleza kwa ufupi jiografia na historia ya Nile, mto ambao sisi wa nyanda hizi tunakaa kwenye ukingo wa bonde lake. Kisha tutauliza swali ambalo mto huo unatuuliza sisi watumishi wa Neno: maji ni ya nani?

1. Mto wenyewe

Nile huhesabiwa kwa kawaida kuwa mto mrefu kuliko yote duniani, wenye urefu wa kilometa zipatazo 6,650. Bonde lake hugusa nchi 11: Tanzania, Burundi, Rwanda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya, Uganda, Sudan Kusini, Sudan, Ethiopia, Eritrea na Misri. Chemchemi yake ya kusini kabisa inayotajwa na wengi iko karibu na Rutovu, nchini Burundi, takriban katika latitudo ile ile ya Kahama. Maji ya huko huingia mto Kagera, ambao ndio mkubwa kuliko mito yote imiminikayo katika Ziwa Victoria.

Ziwa lenyewe lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake imo ndani ya mipaka ya Tanzania. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maji yake haitoki mitoni, bali ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Na sehemu kubwa ya maji hayo hurudi angani kwa nguvu ya jua. Yanayosalia hutoka Jinja, Uganda, hupita maziwa ya Kyoga na Albert, huingia Sudan Kusini, na huko hutawanyika katika kinamasi kikubwa kiitwacho Sudd, ambako mengi hupotea tena. Huko Khartoum mto huu, uitwao Nile Nyeupe, hukutana na Nile ya Buluu itokayo Ziwa Tana. Maji mengi yafikayo Misri, yapata sehemu 85 kwa 100, hutoka nyanda za juu za Ethiopia. Ya kwetu ni machache zaidi. Lakini mafuriko ya Ethiopia huja kwa msimu, na maji ya maziwa huja mwaka mzima. Ndiyo maana Misri imeyathamini yote mawili tangu zamani.

2. Waliouliza chanzo chake

Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliulizia chanzo cha Nile asipate jibu la kumtosheleza. Karne nyingi baadaye swali hilo liliwaleta Wazungu katika nchi yetu. Mwaka 1858 Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ziwa Tanganyika kwa njia ya misafara ya Unyamwezi. Waliporudi Kaze, yaani Tabora, Burton alikuwa mgonjwa. Speke akaondoka mwezi Julai pamoja na wapagazi na kiongozi wake Sidi Mubarak Bombay, akapita Unyamwezi na Usukuma kuelekea kaskazini. Tarehe 3 Agosti 1858, akiwa karibu na Mwanza, aliliona ziwa kwa upana wake, akatangaza kuwa hicho ndicho chanzo cha Nile. Mwaka 1862 alifika Jinja na kuona mahali maji yatokapo.

Yatupasa kusema wazi kwamba hakugundua kitu kilichofichika kwa wenyeji. Wasukuma, Wakerewe, Wazinza na Waganda walikuwa wakivua na kusafiri katika Nyanza yao kwa vizazi vingi. Kilichokuwa kipya ni kuliunganisha ziwa hilo na mto wa Misri katika ramani moja.

David Livingstone alikuwa na mawazo mengine. Aliamini kwamba Lualaba, magharibi ya Ziwa Tanganyika, ndio mwanzo wa Nile, na alikufa mwaka 1873 angali akiutafuta ukweli huo. Kumbe Lualaba ni Kongo. Naye Henry Morton Stanley alilizunguka Ziwa Victoria kwa mashua mwaka 1875, na barua yake kutoka Uganda, iliyochapwa London mwaka huo huo, iliwaita wamisionari. Chama cha Kanisa la Uingereza, CMS, kiliitikia. Wawili kati ya wajumbe wake wa kwanza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe mwaka 1877. Mwenzao Alexander Mackay alifariki Usambiro, kusini mwa ziwa, Februari 1890. Kwa jinsi hii historia ya Injili katika nchi za Maziwa Makuu imefungamana na historia ya kukitafuta chanzo cha mto mmoja.

3. Mikataba ya maji

Baada ya kujua maji yatokako, wakubwa walitaka kuyatawala. Tarehe 7 Mei 1929 Uingereza na Misri zilibadilishana barua za mapatano. Uingereza, iliyokuwa ikitawala Sudan, Kenya, Uganda na Tanganyika, ilikubali kwamba pasifanyike kazi yoyote juu ya Nile, matawi yake au maziwa yake ambayo ingepunguza maji yafikayo Misri, isipokuwa kwa ridhaa ya Misri. Mwaka 1959 Misri na Sudan ziligawana maji ya mto kati yao wenyewe: Misri meta za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, na Sudan bilioni 18.5. Nchi yatokako maji hazikuwamo mezani.

Mwaka 1962 Serikali ya Tanganyika huru, chini ya uongozi uliowekwa na Mwalimu Julius Nyerere, iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na mapatano ya mwaka 1929. Hoja yake ilikuwa rahisi: taifa huru halipaswi kurithi bila hiari ahadi zilizotolewa na mtawala wake wa kigeni. Msimamo huo ulijulikana katika sheria za kimataifa kwa jina la Nyerere, na nchi nyingine zikaufuata.

Kwa muda mrefu lilikuwa jambo la maandishi tu. Kisha katika mwaka 2004 ulianza ujenzi wa bomba la kuvuta maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hadi Shinyanga na Kahama. Misri ililalamika, Tanzania iliendelea. Kufikia mwaka 2009 maji yalikuwa yamefika miji hiyo miwili, na Januari 2021 Rais John Magufuli aliuzindua mradi wa kuyaleta Kagongwa na Isaka. Tawi jingine limeyapeleka Nzega, Igunga na Tabora.

Wakati huo huo nchi za bonde ziliendelea kuzungumza. Mwaka 1999, mjini Dar es Salaam, ziliunda chombo cha ushirikiano wa Bonde la Nile. Mwaka 2010 Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia zilitia sahihi huko Entebbe mkataba mpya wa matumizi ya haki ya maji, na mkataba huo ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, bila Misri na Sudan kuukubali. Mwaka 2025 Ethiopia ilizindua bwawa lake kubwa katika Nile ya Buluu. Ugomvi haujakwisha.

4. Kisima chenye kufuli

Mbele ya historia hii ni rahisi kwetu kusimama upande wa Mwalimu, na kwa maoni yetu alikuwa na haki. Mama wa Kagongwa aliyekuwa akinunua maji kwa dumu kutoka kwa mwenye mkokoteni, ilhali ziwa kubwa liko upande wa pili wa mkoa, hakutenda kosa kwa kuyataka. Lakini hatuna budi kujichunguza.

Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika mmoja wa kijijini tuliouhudumia, kulikuwa na kisima kilichochimbwa kwa sadaka za Wakristo. Ukame ulipozidi, wazee wa kanisa waliamua kukifunga kwa kufuli, wateke washarika peke yao. Sisi tuliokuwa wachungaji wa mahali pale hatukupinga. Tuliona kwamba waliotoa sadaka ndio wenye haki. Alfajiri moja mama mzee, ambaye hakuwa wa dhehebu letu, alikuja na ndoo, akakikuta kisima kimefungwa. Akatuamkia kwa adabu, kisha akauliza: "Baba Mchungaji, mvua iliyojaza kisima hiki iliwanyeshea ninyi peke yenu?" Hatukuwa na jibu. Kufuli liliondolewa, lakini baada ya majuma mengi. Na tunakiri kwamba katika majuma hayo tulihubiri habari za upendo.

Tangu siku hiyo tumeyasoma mapatano ya mwaka 1929 kwa macho mengine. Misri ilifanya kwa mto mrefu yale tuliyoyafanya sisi kwa kisima kifupi. Na Misri ina sababu nzito kuliko yetu: watu wake wamepita milioni 100, mvua yake ni haba mno, na karibu maji yake yote ni ya mto huo mmoja. Hofu yake si ya kubuni.

Tena maji tuyavutayo kutoka Ihelele yamevuka kilele cha bonde lake. Yamwagikayo Tabora, kama hayakunywewa na jua na udongo, yataelekea Malagarasi na Kongo. Ya Igunga yataelekea Eyasi. Hayatarudi Nile kamwe. Livingstone alikosea kudhani kwamba maji ya upande wa Tanganyika ni ya Nile. Leo kwa njia ya mabomba baadhi ya maji ya Nile yanakwenda huko. Kiasi chake ni kidogo mno yakilinganishwa na yale yachukuliwayo na jua ziwani. Hata hivyo, aliye juu ya mto hawezi kusema kwamba yale ayafanyayo hayamhusu aliye chini. Na hilo linawahusu pia wachimbaji wa dhahabu wa Geita na Kahama, ambao zebaki yao, isipozuiwa, hufuata vijito kwenda kwa wavuvi.

5. Visima vya Isaka

Katika Mwanzo 26 tunasoma habari za Isaka katika bonde la Gerari. Watumishi wake walichimba kisima, wachungaji wa Gerari wakadai kwamba maji ni yao. Akakiita Eseki. Wakachimba cha pili, wakakigombania pia, akakiita Sitna. Akaondoka, akachimba cha tatu, wasikigombanie. Akakiita Rehobothi, maana sasa palikuwa na nafasi.

Mara nyingi tumehubiri kwamba fundisho hapa ni kuepuka ugomvi kwa kuondoka. Lakini Isaka alikuwa na nchi tupu mbele yake. Mataifa ya Nile hayana pa kuhamia, wala mama wa Kagongwa hana. Kwa sababu hiyo twahitaji kuisoma sura hadi mwisho. Baada ya Rehobothi, Abimeleki anamjia Isaka. Isaka hafichi uchungu wake. Anauliza kwa nini wamekuja kwake nao walimchukia. Kisha anawafanyia karamu. Wanakula pamoja, wanaapiana asubuhi, wanaachana kwa amani. Na siku ile ile watumishi wanaleta habari kwamba maji yameonekana.

Mapatano ya mwaka 1929 yalikuwa barua zilizobadilishwa na wawili juu ya maji ya wengi wasiokuwapo. Agano la Isaka lilifanywa uso kwa uso, na walalamikaji wakiwa wamekaa kwenye chakula kimoja. Hiyo ndiyo tofauti. Naye nabii Isaya, katika sura ya 19, anawaombolezea wavuvi wa Nile ikaukapo, na mwishoni anaihesabu Misri miongoni mwa watu waliobarikiwa na Bwana. Mmisri si mgeni katika sala zetu.

Hitimisho

Luther, anapoeleza ombi la nne katika Katekisimo Ndogo, anahesabu hali nzuri ya hewa na majirani wema kuwa sehemu ya riziki ya kila siku. Basi tuombapo riziki, tunamwomba Mungu maji na pia jirani wa kuyanywa pamoja naye.

Kutoka kwetu Misri ni mbali, na mikataba ni kazi ya serikali. Lakini bomba la kanisa liko karibu. Tungewashauri ndugu zetu watumishi waanzie hapo: waangalie kama lina kufuli, na ufunguo uko kwa nani.