Buterere: Ujuzi wa kidijitali na usalama wa pesa za simu

Buterere ni zoni ya kaskazini mwa Bujumbura, mji mkuu wa kiuchumi wa Burundi, karibu na Uwanja wa Ndege wa Melchior Ndadaye. Ilikuwa komini kamili hadi mwaka 2014, ilipowekwa ndani ya komini ya Ntahangwa. Ingawa imo jijini, kwa huduma nyingi ni ya pembezoni. Ndiko liliko jalala kuu la taka za Bujumbura.

Ujuzi wa kidijitali ni nini?

Ni uwezo wa kupata, kuelewa na kupima habari kwa kutumia simu au kompyuta, pamoja na kujilinda. Katika mitaa kama Buterere, ujuzi huo hupimwa zaidi kwa pesa kuliko kwa kompyuta. Huduma za Lumicash na EcoCash hufunguliwa kwa namba fupi hata kwenye simu ya kawaida, bila intaneti. Kizuizi kikubwa, basi, ni kusoma.

Suala la lugha

Sheria ya lugha ya mwaka 2014 ilitambua Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kiswahili hakimo, ijapokuwa ni lugha ya biashara na ya mitaa kama Buyenzi. Mama asiyeweza kusoma maelezo ya simu hulazimika kumkabidhi mtu mwingine simu yake pamoja na namba ya siri. Anayeijua namba hiyo aweza kuhamisha akiba yote.

Hadaa inayojulikana

Katika Afrika Mashariki, matapeli hutuma ujumbe wa uongo unaofanana na wa kampuni, kisha hupiga simu wakidai kuwa wametuma pesa kimakosa na kuomba zirudishwe. Kinga ni kuangalia salio kupitia menyu yenyewe, si kuutegemea ujumbe.

Kinachosaidia

Mafunzo hufaa zaidi yakitolewa kwa lugha ya mwanafunzi, kwenye simu yake mwenyewe, kwa kurudiarudia. Asiyesoma aweza kujifunza tarakimu na mpangilio wa menyu, na kupokea maelezo kwa sauti iliyorekodiwa. Somo la kwanza ni moja: namba ya siri haitajwi kwa yeyote, hata kwa wakala au jamaa.