Saanane: Kisiwa cha mkulima kilichogeuka hifadhi ya taifa jijini Mwanza

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763. Ile ya Kisiwa cha Saanane ina kilomita za mraba 2.18, na sehemu kubwa ya eneo hilo ni maji ya Ziwa Victoria. Hakuna hifadhi ya taifa ndogo kuliko hiyo nchini Tanzania, na hakuna iliyo karibu na watu kiasi hicho. Iko kilomita mbili hivi kutoka katikati ya Jiji la Mwanza, upande wa Capri Point. Ukishapanda boti hapo, dakika chache tu unashuka kisiwani, na nyuma yako bado unaona mabati ya nyumba zilizopandana juu ya miamba na kusikia honi za mjini.

Kwa sababu ya udogo huo, wengi huichukulia kama mahali pa kupigia picha Jumapili. Lakini historia yake ni nzito kuliko eneo lake. Hapa ndipo Serikali ya nchi changa ilipofungua bustani ya kwanza ya wanyama Tanzania, na hapa ndipo walipotua kwa muda baadhi ya wanyama waliokuwa wakihamishiwa kisiwa kingine, ambacho leo nacho ni hifadhi ya taifa. Mwanza yote, ukiiangalia kwa makini, ina vivutio vya namna hiyo: vidogo, vya karibu, na vilivyoanzishwa kwanza kwa ajili ya wenyeji.

Mwenye kisiwa

Jina la hifadhi ni jina la mtu. Mzee Saanane Chawandi alikuwa mkulima na mvuvi, na kisiwa kilikuwa chake. Maisha yake hayakuwa tofauti na ya watu wa visiwa vingine vya ziwa hili: jembe asubuhi, nyavu usiku, na mtumbwi wa kuvukia kwenda kuuza samaki na kununua chumvi. Mwaka 1964 Serikali ilikichukua kisiwa kwa ajili ya wanyamapori. Mzee akaondoka, jina likabaki.

Ili kuelewa kwa nini Serikali ilikitaka kisiwa kidogo chenye mawe mengi kuliko udongo, inabidi kurudi nyuma miaka mitatu. Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko mjini Arusha kwamba wanyamapori ni amana ambayo viongozi wa Afrika wanabeba jukumu la kuilinda kwa niaba ya watoto na wajukuu wao. Mwaka 1963 Chuo cha Mweka kikafunguliwa mkoani Kilimanjaro ili kuwafundisha Waafrika kazi ya uhifadhi, kazi ambayo hadi hapo ilikuwa ya maofisa wa kikoloni.

Hata hivyo, tamko na chuo havikutosha. Mtanzania wa kawaida wa wakati ule hakuwahi kuingia katika hifadhi yoyote kama mgeni. Hifadhi zilikuwa mbali, zilihitaji gari, na kwa vijiji vingi vilivyopakana nazo neno hifadhi lilimaanisha askari na faini. Tembo aliyejulikana alikuwa yule aliyekula mahindi shambani. Idara ya Wanyamapori ikaona njia ya mkato: kama mwananchi hawezi kwenda kwa wanyama, wanyama waletwe mjini. Mwanza ilifaa. Reli kutoka Tabora ilishafika tangu 1928, meli zilitoka Bukoba na Musoma, na barabara zilileta wakulima wa pamba kutoka Usukuma yote.

Kituo cha wasafiri wa miguu minne

Bustani ikafunguliwa 1964. Wakaletwa nyati, pofu, nyamera, swala, pundamilia, ngiri, simba, chui, sokwe, hata tembo na faru. Mtu aliyekuja mjini kuuza pamba au kumuuguza ndugu aliweza kuvuka na kuwaona kwa macho yake, kisha akarudi kijijini na habari.

Kisiwa kilikuwa na kazi ya pili. Magharibi mwa Mwanza, kiasi cha kilomita 150, kuna Rubondo, kisiwa kikubwa chenye msitu mnene. Bernhard Grzimek, Mjerumani aliyeongoza Shirika la Wanyama la Frankfurt na ambaye jina lake halitenganishwi na Serengeti, alishirikiana na Serikali kukigeuza Rubondo kuwa kimbilio la wanyama waliokuwa hatarini. Kati ya 1964 na 1966 baadhi ya wanyama waliopangiwa safari hiyo walishikiliwa kwanza Saanane. Baadaye wakapakiwa tena kwenye chombo kuelekea magharibi.

Safari za Rubondo zilikuwa na mambo yake. Faru weusi 16 walipelekwa huko, pamoja na twiga na tembo. Sokwe 17 walifika kati ya 1966 na 1969, na hao hawakutoka moja kwa moja katika msitu wowote wa Afrika, walitoka Ulaya. Huko waliishi kwenye mabanda ya kuonyeshea wanyama, wakala chakula cha kuletewa, kisha siku moja wakafunguliwa mlango msituni bila mafunzo. Wataalamu wengi wangesema hawatadumu. Walidumu. Walijifunza kula matunda ya porini na kujenga viota juu ya miti, wakazaa, na kizazi chao kipo hadi leo. Madume mawili yaliyoshambulia watu yalilazimika kuuawa kwa risasi. Faru nao hawakupona mikononi mwa majangili. Rubondo ilifanywa pori la akiba mwaka 1965 na hifadhi ya taifa mwaka 1977.

Kwa hiyo hifadhi ndogo ilisaidia kuilea kubwa, na kubwa ikatangulia kupata hadhi. Saanane ilisubiri. Mwaka 1991 ilipandishwa kuwa pori la akiba. Mwaka 2006 usimamizi ukahamia kwa Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Mwaka 2013, karibu nusu karne baada ya Mzee Saanane kuondoka, ikatangazwa hifadhi ya taifa.

Kilichobaki juu ya jiwe

Anayevuka leo akitafuta tembo na faru wa 1964 hatawakuta. Atakuta swala pala wanaokula majani bila kujali kelele za watoto wa shule, tumbili wasiopaswa kuonyeshwa mkate hata kidogo, na pimbi waliojianika kwenye miamba tangu jua linapochomoza. Majini kuna mamba na fisi maji. Ndege ni wengi, na wanaokuja kwa ajili ya ndege peke yao hawajuti.

Wa kuangaliwa kwa ukaribu ni mjusi. Dume lake lina kichwa na mabega mekundu yanayokaribia waridi, na mwili wa buluu kali. Hukaa juu ya jiwe la wazi kabisa, anainua kifua na kukishusha mara kadhaa, anatulia, anarudia. Jike lake ni la kahawia, na ukipepesa macho limeshapotea kwenye rangi ya jiwe. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, alilopewa mwaka 1923, na mwenyeji yeyote wa Mwanza anaweza kumwona ukutani kwake bila kulipa kiingilio. Kisiwani anaonekana katika mazingira yake halisi.

Na miamba yenyewe ni sehemu ya ziara. Mawe ya Mwanza, yakiwamo yale yaliyosimama juu ya mengine kana kwamba yamepangwa kwa mkono, ni ya tabaka la kale la dunia lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mvua na jua vimeyamenya polepole, udongo wa pembeni ukachukuliwa na maji, yakabaki wazi. Maarufu kuliko yote ni lile lililo majini karibu na kivuko cha Kamanga, ambalo Wajerumani walilipa jina la chansela wao, Otto von Bismarck. Bismarck mwenyewe hakuwahi kufika Mwanza. Jiwe limebaki kuwa nembo ya jiji, na kila mpiga picha wa mtaani analijua.

Juu ya kilima kimojawapo cha eneo hili ndipo Mwingereza John Hanning Speke aliposimama Agosti 3, 1858, akitokea Tabora, akaliona ziwa na kuamua kwamba ndilo chanzo cha Mto Nile. Akaliita Victoria, jina la malkia wake. Wavuvi waliokuwa wakivua humo siku hiyo walikuwa na jina lao, Nyanza, na hawakuwa wamepoteza kitu cha kugunduliwa.

Ngoma na viti vya enzi

Ukitoka mjini kwa barabara ya Musoma, baada ya kilomita zipatazo 20 unafika Kisesa, na hatua chache kutoka hapo kuna Bujora, yalipo Makumbusho ya Wasukuma. Historia yake inakwenda sambamba na ya Saanane kuliko watu wanavyodhani.

Padre David Clement, mmisionari wa Shirika la White Fathers kutoka Quebec, Kanada, alianza kazi Bujora miaka ya 1950. Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Wakati baadhi ya wamisionari wenzake wakichoma hirizi na kukataza ngoma, yeye alikusanya. Alijenga kanisa la mviringo mfano wa nyumba ya Kisukuma, akaruhusu ngoma ndani yake, na akaanza kuhifadhi vyombo, ngao, vifaa vya waganga na vitu vya watemi.

Kisha ikaja 1963. Serikali ikafuta mamlaka ya machifu nchi nzima. Watemi wa Usukuma wakawa raia kama wengine, na ngoma zao za kitemi, viti na mavazi havikuwa tena na kazi ya kiserikali. Vitu vya namna hiyo vikikosa pa kukaa huliwa na mchwa au huuzwa kwa wageni. Bujora ikawa na jengo maalumu la utemi lenye umbo la kiti cha enzi, na ndani yake zimepangwa ngoma za tawala mbalimbali. Mwaka mmoja baadaye Saanane ikapokea wanyama. Nchi ilikuwa inaamua nini cha kuacha na nini cha kulinda, na Mwanza ikapata mahali pawili pa kutunzia.

Mwezi Juni, karibu na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, Bujora hufanyika tamasha la Bulabo. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Waasisi wake, Ngika na Gumha, walikuwa wachezaji na waganga wa karne ya 19 walioshindwa kukubaliana nani ana dawa kali zaidi. Wakaamua watazamaji wawe waamuzi, na kanuni haijabadilika: anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Ndiyo maana kila upande huja na jambo la kushangaza. Wapo wanaocheza bugobogobo huku majembe yakirushwa hewani na kudakwa kwa mdundo, na wapo wanaocheza na chatu mabegani. Mtazamaji akihama upande mmoja kwenda mwingine, anapiga kura kwa miguu yake.

Kivutio kipya

Tangu Juni 19, 2025, mgeni wa Mwanza ana jambo jingine la kuona. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, limeunganisha Kigongo na Busisi juu ya Ghuba ya Mwanza. Waliokuwa wakisubiri kivuko kwa saa nzima au zaidi wakielekea Sengerema na Geita sasa wanavuka kwa dakika chache. Wenyeji wanaenda siku za mapumziko kulitazama tu, na hilo si ajabu: vivutio vingi vya mji huu vilianza kama mahitaji ya kawaida ya watu.

Nani anavuka?

Saanane hupimwa vibaya inapolinganishwa na Serengeti. Haiwezi kushindana kwa nyumbu wala kwa fedha za kigeni, na haikuanzishwa kwa ajili hiyo. Ilianzishwa ili mtoto wa Kirumba, wa Igoma au wa Magu amwone mnyama, aelewe kwa nini alindwe, na arudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kipimo chake cha haki ni idadi ya wakazi wa Kanda ya Ziwa wanaovuka, hasa wanafunzi.

Kazi hiyo bado ipo. Shule inayopanga ziara ya siku moja inaweza kuanza Saanane asubuhi kabla jua halijakolea, ikala mchana mjini, ikamalizia Bujora alasiri. Watoto watarudi wamejua kwamba hifadhi ilianza kama shamba la mzee mmoja, na kwamba ngoma ya mtemi ina historia kama ilivyo ya faru wa Rubondo. Walimu na wazazi wa Mwanza wasisubiri wageni wawaonyeshe vilivyo mlangoni pao. Waanze na boti ya Capri Point.