Kutoka Kariakoo hadi Uluguru: Safari ya kuelekea chanzo cha maji ya Dar es Salaam

WAKAZI wa Kariakoo, Gerezani na Upanga wanapofungua bomba asubuhi, sehemu kubwa ya maji wanayokinga imetoka katika misitu ya Milima ya Uluguru mkoani Morogoro, takriban kilometa 190 kutoka katikati ya jiji. Maji hayo huteremka kwa Mto Ruvu, husafishwa katika mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini mkoani Pwani, kisha husambazwa na DAWASA. Wanaoyatumia ni mamilioni, lakini wachache ndio waliowahi kuifikia misitu hiyo, ingawa iko wazi kwa wageni.

Uluguru ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, hadhi iliyoipata mwaka 2008, na ina ukubwa wa zaidi ya hekta 24,000. Katika hifadhi za aina hii kulima na kukata miti ni marufuku, bali utafiti, elimu na utalii huruhusiwa kwa kibali. Ya kwanza nchini ilikuwa Amani, katika Milima ya Usambara Mashariki, iliyotangazwa mwaka 1997. Zinasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), tofauti na hifadhi za taifa ambazo ziko chini ya TANAPA.

Milima ya Uluguru na Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga miteremko hiyo na kuleta mvua na ukungu. Msitu huinasa mvua hiyo, udongo huihifadhi, na vijito huendelea kutiririka hata wakati wa kiangazi. Mito ya Mgeta na Ngerengere nayo huishia Ruvu.

Kilele cha juu, Kimhandu, kina zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Humo anaishi ndege mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na kifua cha manjano, ambaye wataalamu humwita Malaconotus alius. Hapatikani kwingineko duniani. Huota pia Saintpaulia, ua dogo la zambarau linalopandwa vyunguni majumbani huko Ulaya na Marekani.

Kufika Morogoro ni rahisi. Mabasi huondoka Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na tangu Juni 2024 treni ya umeme ya TRC husafiri kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Mgeni huanzia ofisi ya TFS mjini humo kupata kibali na kulipa ada, kisha huchukua mwongozaji. Njia inayopendwa na wengi hupanda hadi Morningside, penye nyumba iliyojengwa enzi za Wajerumani, na wenye pumzi huendelea hadi Bondwa, kilele chenye minara ya mawasiliano.

Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mizuri zaidi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, njia huteleza sana. Inafaa kubeba sweta, koti la mvua na viatu vyenye kushika ardhi, kwani baridi ya juu humshangaza aliyezoea joto la Kariakoo.

Asiyeweza kulala nje ya jiji anaweza kuanzia Pugu-Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, msitu ulio jirani na jiji ambao nao ni hifadhi ya mazingira asilia. Hufikika kwa kupitia Gongo la Mboto. Yako huko mapango yaliyoachwa na uchimbaji wa kaolini, udongo mweupe, ambayo sasa ni makazi ya popo.

Hata hivyo, Uluguru si pori tupu. Waluguru wamelima miteremko hiyo kwa vizazi vingi, na kabichi na njegere za Mgeta hufika katika masoko ya Dar es Salaam. Mwaka 1955 wananchi waliupinga mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta, na ghasia zikazuka. Tangu hapo ni dhahiri kwamba milima hiyo haihifadhiki kwa amri peke yake. Mkulima naye sharti aone faida. Mgeni anayemlipa mwongozaji wa kijijini na kununua ndizi njiani huchangia faida hiyo.

Umuhimu wake ulionekana mwishoni mwa mwaka 2022, pale mvua zilipochelewa, kina cha Ruvu kikashuka na Dar es Salaam ikaingia katika mgao wa maji. Ndoo na madumu yakapanga foleni mitaani. Msitu hauwezi kuleta mvua iliyokataa kunyesha, lakini unapofyekwa, hata mvua inayonyesha hukimbilia baharini ikiwa na tope, na kiangazi mto hubaki mkavu.