Marejeo Yalivyogeuka Ramani ya Sayansi

Kila makala ya kitaalamu huwa na orodha ya marejeo, yaani kazi za waliotangulia ambazo mwandishi amezitegemea. Orodha hizo zikiunganishwa kwa maelfu, huonyesha taaluma ilivyogawanyika na makundi yake yanavyohusiana.

Mbinu hii ilianzia kwenye sheria. Mwaka 1873, Frank Shepard wa Illinois, Marekani, alianza kuwachapishia mawakili orodha za hukumu za zamani na kesi za baadaye zilizozitaja. Mwaka 1927, watafiti wawili, Gross na Gross, walihesabu marejeo ya jarida moja la kemia ili kujua maktaba ya chuo kidogo inunue majarida gani.

Eugene Garfield ndiye aliyeichukua njia ya mawakili na kuitumia katika sayansi. Alitoa pendekezo lake mwaka 1955, na katika miaka ya 1960 taasisi yake mjini Philadelphia ikaanza kuchapisha faharasa ya Science Citation Index.

Faharasa hiyo ilifungua njia ya kuchora ramani. Mwaka 1963, M. M. Kessler alieleza kuwa makala mbili zina ukaribu ikiwa zote zinataja kazi ileile. Mwaka 1973, Henry Small nchini Marekani na Irina Marshakova mjini Moscow, kila mmoja kivyake, waliugeuza mtazamo huo: kazi mbili zina ukaribu zinapotajwa pamoja na waandishi wa baadaye. Ukaribu wa Kessler haubadiliki makala zikishachapishwa, ilhali huu wa pili hukua kadiri watafiti wapya wanavyozihusisha kazi hizo.

Uandishi wa pamoja, kwa upande wake, huonyesha ushirikiano wa watu. Mwanahisabati wa Hungaria, Paul Erdős, aliandika na wenzake zaidi ya 500. Ili kupima ukaribu na Erdős, aliyeandika naye hupewa namba 1, na aliyeandika na huyo hupewa 2. Mwaka 2001, Mark Newman alichambua mitandao ya aina hiyo katika fizikia, tiba na kompyuta, akakuta wanasayansi wengi wanaunganishwa na hatua chache tu.

Leo programu kama VOSviewer ya Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, huchora ramani hizo kwa muda mfupi. Hata hivyo, jarida lisilo kwenye kanzidata halionekani, majina yanayofanana huchanganya waandishi, na kazi inaweza kutajwa ili ipingwe. Kwa hiyo ramani husomwa pamoja na makala zenyewe.